Ukiwa na uzito moyoni usianze na wimbo wa furaha

Niwaambie kwanza kosa nililofanya mie ndo tuendelee. Babangu alipofariki, hitma ikasomwa, watu wakarudi makwao, nkabaki silali, sili vizuri, na kazini nimekuwa mkali kama pilipili mbuzi. Rafiki yangu akanishauri nijiwekee nyimbo za kuchangamsha. Nkajaza simu nyimbo za bango, ule muziki wetu wa pwani wa harusini wenye saksafoni, na chakacha, asubuhi niko kwenye matatu hapa Mombasa natoka Kisauni naenda town, iafoni masikioni, saksafoni yalia, watu wapiga vigelegele, na mie machozi yanimwagika hadi makanga akaniuliza ndugu vipi, uko sawa? Nkamwambia vumbi. Na mvua ilikuwa yanyesha tangu alfajiri.

Kumbe muziki haukuwa na makosa, makosa yalikuwa pale nilipoanzia. Wenye kusomea tiba ya muziki wana kanuni yao waiita iso, ni neno la Kigiriki maana yake sawa, na aliyeieleza ni daktari wa akili Mmarekani, Ira Altshuler, miaka ya 1940. Yeye aliona mgonjwa mwenye huzuni ukimpigia muziki wa furaha hakuskii, unampita tu, bali ukianza na muziki unaofanana na hali yake halafu ukaugeuza pole pole, yuaja nao. Mie huielewa hivi: mtu wako akiwa amekwama Likoni humpungii mkono ukiwa huku kisiwani ukimwambia njoo, unapanda feri unamfuata, kisha mnarudi pamoja.

Sasa unafanyaje. Kabla hujagusa simu, kaa uitaje hali yako kwa jina lake. "Sijiskii poa" sio jina. Ni huzuni? Ni hasira? Ni wasiwasi wa kodi ya nyumba? Ama ni uchovu tu umejivalisha huzuni, manake hiyo pia hutokea na dawa yake ni kulala. Ipe namba, sifuri hadi kumi, kumi ndo nzito kabisa, iandike mahali.

Halafu chagua nyimbo tatu, nne zikizidi. Wa kwanza ufanane na ulivyo saa hiyo, kama ni huzuni basi uwe wa taratibu na usikuharakishe. Mie huanza na taarab ya zamani ya udi, ile ya kina Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi hapa kwetu, pale udi unapoingia peke yake kabla ya sauti, nyuzi zajibizana, hata ngoma haijagongwa. Hapo ukitaka kulia lia. Wa pili uwe na mdundo kidogo, lakini usiruke hatua, ni kama kutoka kukaa hadi kusimama, sio kukimbia. Wa tatu ndo ile bango yako sasa, na utashangaa wimbo ule ule uliokuliza kwenye matatu leo unakutikisa mguu. Zote tatu ni dakika 15 hadi 20 hivi. Ukimaliza angalia ile namba yako, ikishuka kutoka nane hadi sita umefanya kazi kubwa, usitegemee sifuri. Isiposhuka, badilisha wimbo wa kwanza, mara nyingi tatizo huwa hapo.

Kama ni wasiwasi ule wa moyo kwenda mbio, mie naongeza pumzi. Tafuta muziki wa pole wenye mapigo kama 60 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde, vuta pumzi mapigo manne, toa mapigo sita. Hiyo ni sekunde kumi kwa pumzi moja, kwa hivyo pumzi sita kwa dakika, na kule kutoa kwa urefu ndo kunapunguza mbio za moyo. Mara ya kwanza utahisi kama unakosa hewa, usijilazimishe, anza na tatu kwa nne. Kuna wakati nlifanya hivi nikiwa kwenye foleni ya feri nimebanwa na watu na mikokoteni, hakuna aliyejua.

Na sio lazima uwe wa kuskiza tu. Hili watu wengi hulipuuza na mie naona ndo lenye nguvu zaidi. Jirani yangu Mgiriama ana kayamba, kile kibao cha matete kilichotiwa mbegu ndani, nkamuomba siku moja. Ukikishika kwa mikono miwili na kukitikisa kulia kushoto, zile mbegu zahama kwa pamoja, shaa, shaa, kama wimbi likirudi kwenye mchanga, na ukikosea unaskia papo hapo kwa hivyo akili haina nafasi ya kuwaza deni. Dakika tano mabega yaniuma na kichwa cheupe. Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, walijua hili tangu zamani, kuna ngoma za kayamba zinazochezwa mahususi kwa ajili ya mgonjwa. Huna kayamba? Piga makofi, piga meza, imba bafuni, au funga mdomo uvumishe tu mmm mrefu hadi pumzi iishe.

Tahadhari yangu kubwa ni ya hasira. Ukiwa umegombana na mtu tafadhali kaa mbali na mipasho. Taarab ya mafumbo ni tamu lakini mtu mwenye hasira huskii wimbo, waskia jina la shemeji yako katika kila ubeti, na ukimaliza umeshatunga jibu na kidole kiko kwenye kitufe cha kutuma. Wakati huo chukua muziki usio na maneno.

Pia kuna kurudiarudia. Wimbo mmoja wa huzuni mara kumi usiku taa imezimwa, hiyo si tiba tena, ni kuchokonoa kidonda. Mie nimejiwekea sheria: mara tatu, na kama bado nawaza yale yale kwa maneno yale yale, nazima nnatoka nje, hata kama ni kwenda kununua viazi karai tu.

Sauti nayo isizidi. Shirika la Afya Duniani lasema sauti ya desibeli 80, ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, usiiskize zaidi ya saa 40 kwa wiki, na ukipanda juu zaidi ya hapo muda wapungua haraka. Matatu zetu sitaki hata kuzizungumzia. Kama mtu aliye pembeni yako anaskia maneno ya wimbo kutoka kwenye iafoni zako, punguza.

Kuna atakayeniambia ala ni haramu. Sibishani, mie si shekhe. Kasida bila ala zipo, dufu lipo, sauti yako mwenyewe ipo, na wa kanisani ana kwaya yake, njia ni ile ile. Na kama watafuta historia, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili kule Edirne, Uturuki, iliyokamilika 1488, ilikuwa na wapiga muziki kwa ajili ya wagonjwa.

Sasa tusidanganyane, haya nliyoeleza ni ya kujisaidia nyumbani, tiba ya muziki yenyewe ni taaluma, watu wameisomea kwa shahada tangu 1944 kule Michigan, na mtaalamu hukaa nawe, akapiga, ukapiga, akakupima unavyoendelea. Mwaka 2017 Cochrane, shirika la kukusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya tafiti 9 za watu 421 wenye dipresheni, wakaona tiba ya muziki ya mtaalamu ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida, dalili zapungua zaidi kuliko kwa matibabu peke yake, angalau kwa kipindi kifupi. Ikiongezwa, skizeni hapo. Usiache dawa zako kwa sababu ya udi. Na kama wiki mbili zimepita huli, hulali, huoni raha ya chochote, nenda kliniki ya afya ya akili, na kama yakujia mawazo ya kujidhuru usingoje hata hizo wiki mbili, mwambie mtu leo na muende hospitali.

Mamangu hataki habari za listi wala simu, yeye ana redio yake jikoni. Lakini siku hizi udi ukianza huacha kukuna nazi, akakaa pale pale juu ya mbuzi mikono imejaa machicha, askize hadi mwisho, kisha aendelee. Sijamwambia kuwa hiyo ni hatua ya kwanza. Jana nkamskia ameendelea kukuna kwa mdundo wa wimbo uliofuata.