Altaneta ya SUV ya zamani inapochaji kupita kiasi: pima waya kabla hujanunua nyingine

Balbu za taa kubwa zinaungua ovyo, maji ya betri yanakauka upesi, na ukifungua boneti unakutana na harufu ya mayai viza. Gari likiwa hivyo, wengi hukimbilia kubadilisha altaneta, mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri. Subiri kwanza. Inawezekana altaneta ni nzima, ila inapewa taarifa ya uongo na waya mmoja mwembamba ambao hakuna anayeutazama.

Maelezo haya ni ya gari la volti 12. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli ni za volti 24, kwa hiyo soma kibandiko cha altaneta. Usiamue kwa idadi ya betri, maana betri mbili zinaweza kuwa zimeungwa sambamba na gari likabaki la volti 12.

Hatua ya 1: Hakikisha mita yako haikudanganyi

Weka betri mpya kwenye mita yako ya kupimia volti. Mita nyingi za bei nafuu, betri yake ya ndani ikichoka, husoma volti nyingi kuliko zilizopo. Kuna altaneta nzima zimetupwa kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 2: Pima betri ya gari, injini ikiwa imezimwa

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ukikuta karibu 10.5, huenda kuna seli moja imekufa, na vipimo vyote vitakavyofuata havitakuwa na maana. Shughulikia betri kwanza.

Hapo hapo kagua mkanda wa altaneta na vichwa vya betri. Vilivyolegea kaza, vyenye unga mweupe au wa kijani vipige msasa.

Hatua ya 3: Washa injini

Pima moja kwa moja kwenye nguzo za betri, siyo kwenye vibanio vya nyaya. Injini ikizunguka polepole unatarajia volti 13.8 hadi 14.5. Kanyaga mafuta hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Volti zikitulia humo humo, altaneta inadhibitiwa. Zikivuka 15, una tatizo. Zikipanda kila unapoongeza mafuta, 16, 17, zima gari haraka kabla hujaunguza kompyuta ya injini.

Usichomoe waya wa betri injini ikiwa inawaka ili “kuona kama altaneta inachaji”. Betri ndiyo inayomeza mshtuko wa umeme. Ukiichomoa, volti zinaweza kuruka makumi juu kwa kufumba na kufumbua, na dayodi za altaneta au kompyuta zikaungua.

Hatua ya 4: Pima waya wa S

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nyuma ya altaneta kuna waya mnene wa B unaokwenda kwenye betri, na plagi ndogo. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 plagi hiyo ina pini tatu: IG ni umeme wa swichi ya kuwashia, L ni taa ya betri kwenye dashibodi, na S ndiyo inayomwambia regyuleta (kifaa kinachodhibiti volti za altaneta) betri ina volti ngapi. Nissan nyingi za zamani zina S na L tu.

Regyuleta haiioni betri. Inaona kinachofika kwenye S. Ikiwa imepangwa kushikilia 14.2, na njiani volti 1 inapotea kwenye kishikio cha fyuzi chenye kutu, itaongeza nguvu hadi S isome 14.2. Wakati huo betri inapokea 15.2.

Plagi ikiwa imechomekwa na injini inawaka, ingiza kidude chembamba cha mita kwa nyuma ya pini ya S. Kingine weka kwenye nguzo hasi ya betri. Washa taa na feni ya ndani, kisha linganisha na volti za betri.

Betri ikisoma 15.3 na S ikasoma 14.2, altaneta haina kosa. Fuata waya: fyuzi yake, viungio, na sehemu yoyote iliyowahi kuungwa kwa tepu. S yenye afya haipishani na betri kwa zaidi ya volti 0.1 au 0.2.

Zote mbili zikisoma 15.3, regyuleta inaambiwa ukweli na haijali. Imekufa, au brashi (kaboni inayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) imegusana na ganda ndani ya altaneta. Hapo ndipo unaifungua.

Kuna magari yasiyo na S, ambayo regyuleta yake husoma kupitia IG. Hayo yana shida zaidi, kwa sababu umeme huo hupita kwenye swichi ya ufunguo pamoja na mizigo mingine, na swichi iliyochakaa hupoteza volti kwa urahisi.

Hatua ya 5: Waya wa hasi

Utasikia kwamba hasi mbovu, yaani waya unaounganisha injini au bodi na nguzo hasi ya betri, ndiyo chanzo cha kila kitu. Inategemea. Kwa regyuleta iliyo nje, iliyofungwa kwenye bodi, ni kweli: hasi yake ikiwa na kutu, volti zinapanda. Kwa iliyo ndani ya altaneta, hasi mbovu ya injini hufanya betri ichajiwe pungufu. Pima kati ya ganda la altaneta na nguzo hasi ya betri huku taa zikiwaka, ikizidi 0.2, safisha waya wa injini.

Hatua ya 6: Kurekebisha

Waya wa S ukiwa umeoza sehemu nyingi, usiubandike viraka. Vuta mpya kutoka nguzo chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 7.5 karibu na betri, upitishe mbali na ekzosi. Kwa gari linalosoma kupitia IG, tumia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme): waya wa zamani uiwashe, umeme wenyewe utoke kwenye betri.

Kisha rudia hatua ya 3, mara moja injini ikiwa baridi na mara moja ikiwa imepata moto.