Usichimbe Mzizi Ili Kuutambua Msandali

Kila msimu wa kusafisha mashamba nakutana na kosa lile lile: mkulima ameambiwa kwamba kichaka kilichoko ukingoni mwa shamba lake huenda ni msandali, mti ambao mzizi wake una mafuta ya kunukia, naye anachukua jembe, anachimba shinani, anakata kipande cha mzizi na kukinusa. Hivi karibuni, kwenye mteremko wa mawe, nilikuta kichaka cha kike kimezungukwa na mashimo matatu, matunda mekundu yangali yakining'inia kwenye matawi yaliyokwisha kukauka.

Harufu haitoi uhakika. Mafuta huongezeka kadiri mti unavyozeeka, hivyo mzizi wa mti mchanga huenda usinukie, na mkulima akaufyeka akidhani sio. Isitoshe, mizizi ya msandali hujishikiza kwenye mizizi ya miti jirani na kunyonya humo maji na madini. Ukiikata, umeukatia mti riziki yake.

Tazama jani. Chuma lililokomaa, katikati ya tawi wala si kwenye chipukizi, ulipime kwa rula: urefu huwa kati ya sentimita 2 na 5. Majani hupishana kwenye tawi, ni magumu kama ngozi, yana kijani cha kibuluu chenye ukungu, kingo zake zimenyooka, na nchani pana ncha ndogo kali. Mdaa, ambao wengi huudhania msandali, una jani lenye kingo za mawimbi na matunda yanayoiva yakawa meusi. Tunda la msandali lina mbegu moja na upana wa karibu sentimita 1. Hutoka kijani, likawa njano, kisha jekundu, na kichwani lina kovu la mviringo lililoachwa na ua.

Mahali pake ni miteremko yenye mawe, vichaka vikavu na pembezoni mwa misitu mikavu, kuanzia mita 900 hivi hadi 2,500 juu ya usawa wa bahari.

Tafadhali, kichaka kisicho na matunda msikifyeke kwa haraka! Msandali una mti dume na mti jike, na dume halizai kamwe, lakini bila chavua yake jike nalo halipati mbegu. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara ya kimataifa ya msandali wa Afrika Mashariki inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwa hiyo shimo la kunusia tu laweza kukuweka matatani.

Ukishautambua, ufunge kitambaa cha alama usije ukafyekwa, na vichaka vilivyo jirani nao uviache vilivyo, kwa kuwa ndivyo vinavyoulisha. Mti ukibaki na kijani chake kiangazi kizima, ujue umetulia.