Somo: Bunduki ya upepo ya pampu, na risasi zinazokataa kutua pamoja

Sheria kwanza. Kenya, Sheria ya Silaha (Sura ya 114) inaihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha, kwa hivyo asiye na cheti asiiguse. Wenye cheti tuendelee.

Risasi zikitawanyika kwenye karatasi, watu hulaumu darubini. Mimi hutazama mkono unaopiga pampu. Bunduki hii haina springi ya kurusha wala mtungi wa gesi. Nguvu yote ni upepo uliojaza sasa hivi kwa mkono wako. Ukijaza vingine, itapiga vingine.

Hatua ya 1. Shika idadi moja. Nyingi hukubali pampu 3 hadi 8 au 10. Soma kijitabu chake wala usivuke. Kwa shabaha ya mita 10, pampu 4 au 5 zatosha. Anayejaza 10 kila mara huchoka upesi, na mkono uliochoka hutetemeka wakati wa kulenga.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vuta mkono wa pampu hadi mwisho, rudisha hadi ufunge. Nusu pampu haihesabiwi. Usikimbie. Hewa ikibanwa hupata joto, ikipoa presha hushuka. Aliyejaza mbio akafyatua papo hapo, na aliyejaza akapiga soga kwanza, presha zao si moja ingawa wamehesabu sawa. Jaza kwa mwendo mmoja, vuta pumzi tatu, ndipo ufyatue. Na usiushike mtutu unapojaza! Mingine ni myembamba, ukiivutavuta shabaha huhama. Risasi tia mwisho, kidole kikiwa mbali na kifyatuo, mtutu ukielekea shabaha.

Hatua ya 3. Tumia risasi za aina moja. Za kichwa bapa hutoboa karatasi vizuri. Kwa mbali, za kichwa cha mviringo. Iliyobonyea pindo (ukingo wa nyuma) tupa.

Hatua ya 4. Risasi ya milimita 4.5 ina uzito wa nusu gramu hivi, na kusi la Malindi halina huruma nayo. Fanya mazoezi asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujachachamaa.

MASWALI (na mahali yalikotoka)

Mambrui: Mwalimu, nilipulizia dawa ya kutu ndani, sasa pampu haishiki upepo.
— Dawa hizo huondoa mafuta na zaweza kudhuru raba. Tia tone la mafuta aliyoyataja mtengenezaji. Dawa ya chumvi ya bahari ni kitambaa chenye mafuta, nje, kila ukimaliza.

Watamu: Ni kweli niihifadhi na pampu moja ndani?
— Watengenezaji kadhaa hushauri hivyo. Presha kidogo huifunga vali. Ila risasi isiwemo, na kufuli ya usalama iwe imefungwa.

Malindi: Yakhe, na hawa kunguru wa mwembeni kwetu?
— Hapana, kaka. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini 1977, na kazi ya kuwapunguza kunguru wa India ina wenyewe: KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wao 2024. Isitoshe, risasi ikikosa kunguru inaangukia uani kwa jirani.

Gede: Nifunge darubini?
— Ikiwa itakaa pale unaposhika ukijaza, utaisukuma kila mara. Baki na vilengeo vya chuma.