Namna ya Kuimarisha Usalama wa Watoto Shuleni

Anzeni kwa kuizunguka shule pamoja na wanafunzi wenyewe, mkiwaomba waoneshe mahali wanapoogopa kupita, kwa kuwa wao huyajua maeneo ya hatari, kama vile nyuma ya vyoo, ambayo mlinzi aliyekaa getini hawezi kuyaona. Hapo pawekwe taa, na mwalimu wa zamu apite wakati wa mapumziko. Wageni waingie kwa mlango mmoja na kuandikishwa.

Uzio, hata hivyo, haumzuii mkatili aliye ndani. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili hata akiwa mikononi mwa wanaomlea. Kwa hiyo kila mfanyakazi, akiwamo dereva na mpishi, achunguzwe kabla ya kuajiriwa. Teueni walimu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kupokea malalamiko kwa siri. Mtoto anayesimulia asikatizwe wala asilaumiwe, na jambo la jinai lifikishwe kwa polisi na mamlaka za ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo, wala lisimalizwe kimyakimya kati ya shule na familia, hata kama mtuhumiwa ni mwalimu anayeheshimiwa.