Jinsi ya kuhoji watu wa Nairobi kuhusu ngono bila kuvuna uongo

Utafiti wa afya ya ngono huharibika mara nyingi kabla swali la kwanza halijaulizwa. Mhojiwa anaketi na kuanza kupima: nani anasikia, karatasi hii itaonwa na nani nyumbani, na huyu anayeniuliza atanionaje. Akishapima, anachagua jibu. Unachoweza kufanya ni kumpunguzia sababu za kuchagua jibu la uongo.

Vibali vina foleni yake. Anza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kama ile ya KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya), ya shirika la afya la Amref au ya Hospitali Kuu ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi. Barua yake ndiyo utakayoambatisha ukiomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kisha nenda kwa idara ya afya ya kaunti, chifu, na wahudumu wa afya wa mtaa wenyewe. Anayeanzia kwa chifu kwa sababu wanajuana hurudishwa mwanzo. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya na mwelekeo wa kijinsia kuwa data nyeti. Kwa wahojiwa wa chini ya miaka 18, mzazi huridhia na kijana mwenyewe hukubali. Ukiona ridhaa ya mzazi itamweka kijana hatarini, iombe kamati ikuruhusu kwa maandishi, usijiamulie ukiwa mtaani.

Sasa mahali. Katika nyumba ya mabati ya chumba kimoja Mathare au Mukuru, jirani husikia hata kijiko kikianguka. Usihojie hapo. Tafuta chumba chenye mlango unaofungika kwenye kituo cha jamii au zahanati, lakini kisiwe chumba ambacho mtaa mzima unajua ni cha kuchukulia dawa za ARV. Kama unauliza kuhusu ukatili, hoji mwanamke mmoja tu katika kila nyumba, ili wa pili asije akapeleka habari kwa mume.

Kuna mambo mawili madogo yanayowaumbua watu. La kwanza ni nakala ya fomu ya ridhaa. Ikiwa kichwa chake kinasema "Utafiti wa Ngono na Virusi vya UKIMWI", mume ataikuta mkobani. Maelezo yote yatolewe chumbani waziwazi, lakini karatasi ya kwenda nayo nyumbani iwe na jina la kawaida kama "Utafiti wa Afya ya Jamii", na mtu awe huru kuiacha. La pili ni nauli. Ukimtumia kwa M-Pesa, ujumbe hubeba jina la akaunti iliyotuma, na simu nyingi hushikwa na watu wawili. Kama jina la mradi wako linataja UKIMWI au makahaba, lipa taslimu mkononi na atie sahihi kwa namba yake ya utafiti.

Maswali yenyewe yanataka ukali wa mhasibu. Usiulize "Huwa mnatumia kondomu?" kwa sababu hapo utajibiwa mtu anavyotaka kuonekana. Uliza: "Mara ya mwisho ulipolala na mtu, mlitumia kondomu?" Tukio moja lina siku, lina mahali, na ni vigumu kulipamba. Usiulize "Umewahi kufanya ngono?" kwa sauti ya mwalimu wa zamu, uliza alikuwa na umri gani mara ya kwanza, na uweke "bado sijafanya" kati ya majibu. Alfred Kinsey, mtafiti wa tabia za ngono, alitumia mbinu hii Marekani miaka ya 1940: swali lisimlazimishe mtu kukiri kwanza.

Swali la "una wapenzi wangapi" lifute kabisa. Wengi hawamhesabu mume, wengine hawamhesabu mtu wa kupita, na anayelipwa hamwiti mteja mpenzi. Tenganisha: mume au mke, mwenzi wa kudumu msiyeishi pamoja, mtu wa kupita, aliyekupa pesa au zawadi, uliyempa. Halafu jumlisha mwenyewe. Muda uufunge kwa tukio, mathalan "tangu Pasaka" au "tangu shule zifunguliwe", kwa kuwa "miezi mitatu iliyopita" huteleza. Ukiona wanaume wengi wanajibu 5, 10, 20, wanakadiria, fupisha kipindi. Ngono ya njia ya nyuma iulizwe wazi na peke yake, maana wapo wasioihesabu kuwa ngono.

Jaribu hojaji kwa watu kumi hivi wa mtaa uleule. Usiwaulize kama wameelewa, watasema ndiyo. Waambie wakusimulie swali kwa maneno yao. Wahoji nao wafanye mazoezi ya kutaja "uume", "uke" na "kisonono" kwa sauti ya kawaida. Mhoji anayeshusha sauti na kuinamia tableti kila akifika hapo amekwishamwambia mhojiwa kwamba jambo hili ni la aibu.

Kwa maswali mazito zaidi, mtoe mhoji kabisa. Programu za kukusanyia majibu kwa tableti, kama ODK na KoboToolbox, zinakubali sauti iliyorekodiwa: mhojiwa anavaa vipokea sauti, anasikia swali, anagusa jibu. Weka kwanza maswali mawili ya mazoezi yenye jibu linalojulikana. Anayeyakosa hajaelewa kifaa, na majibu yake hayafai. Usidhani tableti huleta ukweli daima. Asiyeizoea hugusa lolote ili amalize.

Njia tunayoipenda kwa bei yake ni kibanda cha kura. Watu kumi au kumi na wawili wanaketi, kila mmoja nyuma ya katoni, na kadi zenye namba za maswali. Swali linasomwa kwa wote, kila mtu anatumbukiza kadi: sanduku la kijani ni ndiyo, jekundu ni hapana, jeupe ni hainihusu. Hutajua nani alijibu nini, hivyo huwezi kulinganisha jibu moja na jingine la mtu yuleyule. Hiyo ndiyo gharama yake.

Ukipima magonjwa ya zinaa ya kisonono na klamidia kwa mkojo, chukua ule unaotoka kwanza mtu anapoanza kukojoa, mililita 20 hadi 30, kwa mtu ambaye hajakojoa kwa angalau saa moja. Hospitalini watu wamezoeshwa kutoa wa katikati, kwa hiyo watakupa huo usipowaeleza, na vimelea vitapungua. Tenga pesa za matibabu ya mhojiwa na mwenzi wake kabla ya kuchukua sampuli hata moja.

Akikueleza kwamba amebakwa, funga hojaji. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora. Tembe za dharura za kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Aende Kenyatta au kituo kingine cha waathiriwa kabla ya kuoga, nguo zikiwa kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Namba 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia ni ya bure. Kwa mtoto ni 116.

Majina yakae kwenye faili moja, majibu kwenye nyingine, na ufunguo wa kuyaunganisha kwa mtu mmoja ambaye hatembei nao. Funga tableti kwa nenosiri na uzime GPS isihifadhi mahali nyumba ilipo. Tableti huporwa kwenye matatu.