Unaenda Malaysia? Lala Melaka, usiende na kurudi

Wadau, tangu nirudi kuna watu kama sita wameniuliza habari za Melaka, mji wa bandari wa zamani kule Malaysia, wengi wana watoto au wadogo zao wanaosoma Kuala Lumpur na wanataka kwenda kuwaona, sasa naandika mara moja ili kila mtu asome kwa nafasi yake. Mi mtu wa Bagamoyo, nimekua nikipita Mji Mkongwe wa kwetu kila siku nikienda shule, na nawaambia mtu wa pwani akifika Melaka kuna vitu ataviona ambavyo mtalii mwingine anavipita tu.

La kwanza kabisa, lala. Wengi wanatoka Kuala Lumpur asubuhi wanarudi jioni, na mi safari ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, nikafika saa tano pamoja na mabasi yote ya watalii, jua la utosini, watu wamejaa, nikaondoka na picha tatu za kanisa jekundu basi. Safari ya pili nikalala Alhamisi na Ijumaa na ndo nikaujua mji. Alhamisi kumetulia, Ijumaa unapata swala ya mchana kwenye msikiti wa zamani, na usiku unakuta soko la mtaa wa Jonker, maana lile soko ni Ijumaa mpaka Jumapili tu.

Kufika si kazi. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja, unaunganisha Doha au Dubai. Ndani ya siku tatu kabla ya kufika jaza fomu yao ya kuingilia mtandaoni inaitwa MDAC, ni bure, ukikuta tovuti inakudai hela toka haraka. Beba cheti cha homa ya manjano, na mambo ya viza soma kwenye tovuti ya uhamiaji ya Malaysia kabla hujalipia tiketi. Pale eapoti ya Kuala Lumpur, KLIA, kuna basi linaenda moja kwa moja mpaka stendi ya Melaka Sentral, au kama uko mjini panda kutoka stendi kubwa ya TBS, ni kama masaa mawili. Kutoka Melaka Sentral ita Grab, ni kama Bolt za kwetu, uingie mji wa zamani. Chaja zako zitaingia bila adapta, soketi zao ni zile zile za pini tatu bapa. Gesti tafuta karibu na mto, na ujue mgeni analipa kodi ya utalii ringiti 10 kwa chumba kwa usiku, mi gesti niliyofikia hawakunitajia mpaka naondoka, ilinikera, kwahiyo uliza siku ya kwanza.

Sasa kutembea. Kule jua linachomoza saa moja na kitu, basi saa moja na nusu uwe umeshafika kwenye geti la ngome ya Mreno, Porta de Santiago. Utajiuliza bahari iko wapi, maana ngome gani ya pwani haina bahari mbele? Ilikuwepo, wameifukia wakajenga maduka makubwa juu yake. Panda ngazi mpaka juu kilimani kwenye gofu la kanisa la St. Paul lililoanza kujengwa 1521, hapo ndo utauona mlango bahari kwa mbali na meli zimepanga foleni. Ndani ya gofu kuna kaburi tupu lina wavu wa chuma, alizikwa padri Francis Xavier 1553 kwa miezi michache kabla hajapelekwa Goa. Mi nilisimama pale nikakumbuka kwetu, mwili wa Livingstone ulivyopumzishwa pale Misheni 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Bandari ndo zilivyo, hata maiti wanapita safarini.

Mreno aliuteka mji 1511, Mholanzi akamtoa 1641, Mwingereza akaupata kwa mkataba 1824. Lakini kabla yao wote kulikuwa na sultani na upepo, na upepo huo unaujua. Meli za India zilifika miezi ya kusi, za China zikafika miezi ya kaskazi, na kila mmoja alingoja pale upepo ugeuke, miezi kadhaa, anauza, anaoa, anajenga msikiti au hekalu. Ukimwelewa nahodha anayengoja upepo umeielewa Melaka yote. Na tulikuwepo jamani! Mreno mmoja, Tomé Pires, alikaa pale kuanzia 1512 akaandika orodha ya wafanyabiashara aliowakuta, ndani yake kuna watu wa Kilwa na watu wa Malindi, akasema bandarini zilisikika lugha 84. Mi naona vipande vya vyombo vya Kichina pale kwenye magofu ya Kaole, kwetu Bagamoyo, tangu mdogo, siku hiyo ndo niliona njia vilikopitia.

Shuka upande wa pili uone majengo mekundu ya Mholanzi, Stadthuys ya 1650 na Christ Church ya 1753, piga picha uendelee. Neno lao la kanisa ni gereja, letu gereza, yote yametoka kwenye igreja ya Mreno, ila sisi likaishia kuwa jela. Meza wanaita meja, bendera ni bendera, limau ni limau, sabuni ni sabun. Jifunze terima kasih, ndo asante, na berapa, ni bei gani.

Vuka daraja uingie upande wa Jonker, na hapo usikimbilie maduka, nenda kwanza mtaa wa Tukang Emas. Ndani ya dakika tano unapita hekalu la Wahindi, msikiti wa Kampung Kling wa 1748, na hekalu la Wachina la Cheng Hoon Teng. Ule msikiti hauna kuba, paa limechongoka ngazi tatu, mnara umekaa kama wa hekalu la Kichina, na uani kuna birika la udhu, unachuchumaa ukingoni unachota maji ya baridi, miguu imewaka moto na lami, unatulia kabisa. Mbele ya nyumba za zamani kuna vibaraza vilivyounganika mtaa mzima, tembea humo upate kivuli. Halafu ingia makumbusho ya Baba na Nyonya, ni nyumba ya ukoo wa Wachina waliochanganyika na wenyeji, utaona vyumba vimefuatana kwenda ndani na ua katikati ulio wazi juu.

Kula: asubuhi nasi lemak, ambayo ni wali wa nazi na dagaa wa kukaanga na pilipili, hutajiona uko ugenini. Mchana asam pedas, samaki kwenye mchuzi mkali wa ukwaju. Waislamu angalieni alama ya halali mlangoni, maana migahawa mingi ya Jonker ni ya Wachina na nguruwe yupo. Jioni chukua cendol, barafu iliyosagwa na tui na tambi za kijani, juu wanamwagia gula melaka. Magharibi uwe Masjid Selat, msikiti wa 2006 uliojengwa kwenye nguzo juu ya maji, mawe yakiwa bado na joto.

Hiyo gula melaka ndo zawadi ya kubeba. Utamu wake unatoka kwenye mnazi, maji yale yale mgema wa kwetu anayageuza tembo, wao wanayachemsha mpaka yanakuwa sukari ya kahawia wanaigandisha ndani ya vipingili vya mwanzi. Inatoka vipande vya mviringo, inanukia moshi kidogo. Nunua kavu, funga plastiki mbili, weka begi la chini maana joto linailainisha. Mi nilibeba sita, mama akasaga kimoja akatia kwenye vitumbua, vilivyobaki kavifungia kabatini na funguo anatembea nayo.