Jinsi ya kuandika waraka wa kuomba uamuzi wa bodi

Tuseme uko kwenye kiwanda cha minofu ya sangara pale Ilemela, Mwanza, na menejimenti inataka mtambo wake wa barafu badala ya kununua barafu nje kila siku. Jambo hilo lazima lipite kwenye bodi.

Anza kwa katibu wa bodi. Muulize tarehe ya kikao, siku ya mwisho ya kupokea nyaraka, na kama kiasi hicho cha fedha kweli kimevuka mamlaka ya mkurugenzi mtendaji.

Kisha andika ombi kabla ya kitu kingine chochote. Nyaraka nyingi huharibikia hapa. "Bodi inaombwa kujadili na kutoa maelekezo" haimwambii mjumbe anaidhinisha nini. Andika hivi: "Bodi inaombwa kuidhinisha ununuzi wa mtambo mmoja wa barafu kwa gharama isiyozidi Sh 180 milioni, kwa mkopo wa benki wa miaka mitatu, na kumruhusu Mkurugenzi Mtendaji kusaini mkataba." Katibu ataweza kuihamishia sentensi hiyo kwenye muhtasari wa kikao kama azimio bila kugusa neno. Iweke juu kabisa, ukurasa wa kwanza.

Usuli usizidi aya mbili. Wajumbe wa Mwanza hawahitaji kufundishwa kwamba samaki akikosa barafu njiani hushuka daraja.

Nguvu zako ziweke kwenye njia mbadala: kuendelea kununua, kukodi, au kumiliki. Kila moja ionyeshe gharama na hatari zake kwa haki. Kuidhoofisha makusudi njia usiyoitaka ni kuwakosea wajumbe heshima, na wazoefu huligundua mapema. Sema wazi kwamba sangara wakiadimika ziwani mtambo utakaa bure huku marejesho ya mkopo yanaendelea. Mhasibu ahakiki hesabu zote, pamoja na bili ya umeme na matengenezo.

Kama kuna mjumbe mwenye hisa kwa muuzaji, mjulishe katibu. Sheria ya Makampuni ya 2002 inamtaka mkurugenzi, yaani mjumbe wa bodi, mwenye maslahi kwenye mkataba ayatamke.

Ambatisha profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji yenye bei, pata saini ya mkurugenzi mtendaji, uwasilishe. Waraka wa kugawiwa mezani asubuhi ya kikao huwa unaomba kuahirishwa.

Bodi ikikubali, chukua azimio lililosainiwa. Benki italidai kabla ya kutoa mkopo.